Mshahara, Gawio na Akiba ya Mkandarasi: Sehemu ya Pili

Kampuni yenye dhima yenye ukomo, yaani ile ambayo wanahisa wake hawawajibiki kwa madeni yake kupita thamani ya hisa walizokubali kulipia, ni mtu kamili mbele ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na kwa hiyo fedha inayoingia katika akaunti yake si mali ya mwenye kampuni, hata pale anapomiliki karibu hisa zote. Kanuni hii inajulikana kwa makandarasi wengi wa Mbeya na Iringa, kwa kuwa huelezwa wanaposajili kampuni BRELA na baadaye wanapoomba daraja kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Lakini husahaulika siku ile cheti cha malipo kinapolipwa.

Ichukuliwe kampuni ndogo iliyopewa na TARURA kazi ya kumwaga changarawe na kujenga makalavati katika barabara ya kijiji wilayani Kilolo, na cheti chake, ambacho ni hati ya mhandisi inayothibitisha thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, kikawa cha shilingi 60,000,000. Mkataba ukiruhusu mwajiri kushikilia asilimia 10 hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro za kazi, kiishe, shilingi 6,000,000 hubaki kwake. Kodi ya zuio ya asilimia 5 hutozwa kwenye sehemu ya huduma tu, ambayo katika kazi za ujenzi huhesabiwa kuwa mafungu 2 kati ya 5, hivyo hukatwa shilingi 1,200,000, nazo baadaye hupunguzwa kwenye kodi ya mapato ya kampuni. Ukiacha Kodi ya Ongezeko la Thamani, zinazofika benki ni shilingi 52,800,000, na ndani yake mna dizeli, saruji, kokoto, kodi ya greda na ujira wa vibarua waliokwisha kusubiri. Faida haijaonekana bado, na gawio haliwezi kuzungumzwa, kwa sababu gawio ni sehemu ya faida ambayo wanahisa hugawana kwa kadiri ya hisa zao baada ya hesabu kufungwa na kodi kutolewa.

Swali basi huwa mwenye kampuni ajilipe kwa mshahara au kwa gawio, na hapo ndipo panapohitajika kupiga hesabu upya, kwani ushauri unaozunguka sana ni ule wa makandarasi wa Uingereza, ambao hujilipa mshahara mdogo na kuchukua gawio kubwa, kwa kuwa kule gawio halikatwi michango ya hifadhi ya jamii na viwango vyake vya kodi ni vya chini kuliko vya mshahara. Tanzania hesabu hiyo hugeuka. Faida ya kampuni hutozwa asilimia 30, na kinachobaki kikigawiwa kwa mwanahisa wa kampuni isiyouza hisa katika soko la hisa hukatwa tena asilimia 10, kwa hiyo katika kila shilingi 100 za faida mwanahisa hupata 63. Mshahara, kwa upande wake, ni gharama ya kampuni inayoondolewa kabla faida haijatozwa kodi.

Kampuni ikimlipa mkurugenzi wake shilingi 1,000,000 kwa mwezi, huongeza mchango wa NSSF wa asilimia 10 na ule wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5, na gharama yote huwa shilingi 1,105,000. Mkurugenzi naye hukatwa shilingi 100,000 za NSSF na shilingi 103,000 za kodi ya mshahara, akabaki na shilingi 797,000 mkononi na shilingi 200,000 zikiwa NSSF kwa jina lake. Kiasi hichohicho cha shilingi 1,105,000 kikiachwa kiwe faida, kisha kigawiwe, humfikia kikiwa shilingi 696,150, bila mchango wowote wa uzeeni. Hata sehemu ya mshahara inayozidi milioni moja, inayotozwa asilimia 30, haifikii mzigo wa asilimia 37 ulio juu ya gawio.

Gawio basi lina kazi yake nyingine, nayo ni kumlipa mwenye hisa asiyefanya kazi katika kampuni, mara nyingi mke, mume au ndugu aliyetoa shamba au akiba ili mtaji upatikane. Huyo hana haki ya mshahara, na akisahaulika miaka nenda miaka rudi huku mwenzake akichota akaunti ya kampuni kwa ada za shule na harusi, hudhulumiwa, hata kama hakuna aliyekusudia dhuluma. Kuchota huko nako hakukwepi kodi: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, malipo anayopewa mwanahisa kupita kile alichoipa kampuni huweza kuhesabiwa kuwa mgawo na kudaiwa kodi yake. Wakati unaofaa kutangaza gawio ni baada ya fedha za matazamio kurudi na akiba ya masika kutengwa, kwani Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, ambapo kazi za udongo husimama lakini mlinzi wa mitambo hulipwa kila mwezi.

Kuhusu akiba binafsi, wengi hununua mashamba ya misindano Mufindi au parachichi Rungwe, jambo jema likifanywa kwa mshahara na gawio, si kwa malipo ya awali ya mradi. Lakini msindano huchukua miaka mingi kukomaa na moto wa kiangazi huuteketeza kwa alasiri moja. Akiba ya benki nayo ina mpaka wake, kama walivyogundua wateja wa Benki ya Wananchi Njombe ilipofutiwa leseni na Benki Kuu mwezi Januari 2018, wakati kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilipokuwa shilingi 1,500,000 kwa kila mteja. Kinga hiyo sasa ni shilingi 7,500,000, kwa hiyo mwenye zaidi ya hapo hana budi kuitawanya akiba yake katika benki zaidi ya moja. Hatifungani za Serikali, yaani hati za mkopo ambao mwananchi anaipa Serikali, hununuliwa kuanzia shilingi 1,000,000, na zile za muda mrefu riba yake haikatwi kodi, tofauti na riba ya amana inayokatwa asilimia 10. Riba hiyo hulipwa mara mbili kwa mwaka, na mkandarasi akichagua hatifungani ambayo malipo yake huangukia Januari na Julai, ada za shule za Januari hulipwa katikati ya masika, greda likiwa limeegeshwa.