Banda la njiwa: Liwe kavu, lakini vumbi lake lisikuingie kifuani



Njiwa ni ndege aliyezoeleka katika nyumba za Waislamu. Katika miji ya mwambao njiwa manga hufugwa uani au juu ya paa, na aliyejaaliwa kwenda Hijja anawakumbuka njiwa wa Makka, ambao hawawindwi. Katika karne ya 12 Sultan Nuruddin Zengi wa Shamu aliwatumia njiwa kupeleka barua kati ya miji yake, na watawala wa Kimamluki wa Misri wakauendeleza utaratibu huo. Njiwa wa mashindano wa leo ni wa ukoo huohuo wenye kipaji cha kurudi kwao. Mwaka 2020 njiwa mmoja wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa kwa euro milioni 1.6. (Kuwekeana dau katika mashindano hayo ni kamari, na hukumu ya kamari inajulikana. Sisi hapa tunazungumzia ufugaji tu.)

Awe wa mashindano au wa kitoweo, njiwa anahitaji banda kavu lenye nafasi ya kutosha. Hilo wafugaji wengi wanalijua. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba banda kavu nalo lina madhara yake kwa binadamu, kama halisafishwi inavyotakiwa.

Wapo watu ambao hufagia banda asubuhi, na ikifika alasiri au magharibi wanapata homa, mwili unauma, kifua kinabana na kikohozi kikavu kinawasumbua. Humeza dawa ya malaria bila kupima. Kesho yake wanaamka wazima, wakaamini kwamba dawa imefanya kazi. Wiki ijayo wanafagia tena, na homa inarudi. Huenda hiyo si malaria kabisa. Ni mapafu yanayokataa vumbi la kinyesi na manyoya ya njiwa, maradhi ambayo madaktari waliyaeleza kwa wafugaji wa njiwa tangu miaka ya 1960. Dalili huanza baada ya saa nne hadi nane, ndiyo maana mtu haoni uhusiano kati ya ufagio wa asubuhi na homa ya jioni. Akiendelea hivyo kwa miaka, mapafu hupata makovu, na makovu hayo hayaondoki.

Mfano wa Engaresero

Tuchukue mfano wa Engaresero, kijiji kilichopo wilaya ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa na jirani na mlima Oldonyo Lengai. Tumekichagua makusudi, kwa sababu huko kuna joto, vumbi, upepo na uhaba wa maji kwa pamoja. Msomaji wa Tanga au Unguja anaweza kusema: huko ni kukavu, banda litaloweshwa na nini?

Litaloweshwa na mambo mawili. Kwanza, mvua za huko ni chache lakini zikija huja kwa kishindo, na maji hushuka kutoka juu ya ukuta wa bonde kupitia makorongo. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kuwa mto jioni. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, unyevu mwingi wa bandani hautoki mawinguni. Unatoka kwa njiwa wenyewe: pumzi zao, kinyesi chao na maji wanayomwaga. Njiwa 40 wakibanwa katika banda la njiwa 20, sakafu italowa hata kama mvua haijanyesha mwaka mzima.

Sakafu ikilowa, vijidudu vya koksidia vinavyoleta kuhara hukomaa ndani ya kinyesi, na njiwa akidonoa punje hapo amekwisha. Chawa na utitiri huzaliana. Kinyesi hutoa hewa kali ya amonia inayochoma macho na koo. Njiwa wa mashindano aliyelala katika hewa hiyo hawezi kuruka mbali, kwani kifua chake kimeharibika kabla ya safari. Kipimo ni rahisi: ingia bandani alfajiri kabla hujafungua mlango mpana. Pua yako ikiwashwa, banda limejaa kupita kiasi au halipitishi hewa.

Mahali na ukubwa

Chagua mwinuko, mbali na njia ya maji. Usijenge ndani ya korongo hata kama lina kivuli kizuri. Funga kitambaa juu ya mti kwa wiki moja uone upepo unatoka wapi, kisha weka mgongo wa banda upande huo na uso wake upande wa pili. Banda likae upande ambao upepo hautapeleka vumbi lake jikoni, chumbani au mahali pa kusalia.

Sakafu inuliwe juu ya nguzo, futi mbili hadi tatu kutoka ardhini. Heroe wa Ziwa Natron nao hufanya hivyo: hujenga kichuguu cha matope na kutaga juu yake, ili yai lisiguse maji ya magadi. Nguzo zipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa, na zivishwe vipande vya bati laini ili nyoka, paka na nguchiro wasipande.

Kwa ukubwa, hesabu futi mbili za mraba za sakafu kwa kila njiwa. Banda la futi 6 kwa 8, lenye urefu wa kwenda juu wa futi 6 na nusu, linatosha jozi 12 na si zaidi. Urefu huo unakuwezesha wewe kusimama ndani na kusafisha kila pembe, jambo ambalo mabanda mengi yetu hayana. Mtu anatambaa kwa magoti, pua yake ipo sentimita chache juu ya kinyesi! Usilifanye refu mno pia, maana utashindwa kuwakamata.

Kila jozi ipate viota viwili, kila kimoja inchi 12 kwa 12 au zaidi kidogo. Sababu ni kwamba jike hutaga mayai mawili, huatamiwa kwa siku 17 au 18, na makinda hukaa kiotani karibu mwezi mmoja. Kabla hawajatoka, mama yao ameshataga tena. Asipokuwa na kiota cha pili atataga juu ya makinda yake, au atamnyang'anya jirani. Na kumbuka hesabu yenyewe: jozi 12 zitakuwa njiwa 50 upesi. Anayezidi achinjwe, auzwe au agawiwe jirani. Kumjazia ndege mahali pamoja ni kumtesa, na dini yetu imetuonya kuhusu kumfungia mnyama katika dhiki.

Paa la bati linafaa, ila kwa joto la Engaresero liwekewe nyasi juu yake, na liwe na mwinamo wa kutosha na kivuli kinachotoka mbele futi mbili. Ukuta wa mbele acha sehemu ya juu iwe ya waya. Ukuta wa nyuma acha upenyo mwembamba chini ya paa ili hewa ya moto itoke. Mbao huko lazima ziletwe kwa gari kutoka Mto wa Mbu, kwa hiyo mabanzi na mirunda itapunguza gharama. Usitandaze udongo wa magadi sakafuni kwa kudhani ni mkavu. Ukilowa hugeuka utelezi na huchoma miguu ya ndege. Mchanga safi wa mtoni unatosha.

Maji ya kunywa yawe matamu na yabadilishwe kila siku. Njiwa hanywi kama kuku. Huzamisha mdomo na kuvuta, kwa hiyo chombo kiwe na kina cha inchi moja au zaidi. Kifunikwe juu ili asikinyee wala asioge humo. Kifuniko hicho kitasaidia pia siku za vumbi. Mlima Lengai ulipolipuka kuanzia Septemba 2007, majivu yake yaliangukia malisho na maji, na wafugaji wa huko hawajasahau.

Maji ya paa lenu

Hapa naomba akina mama na akina baba wa nyumba mnisikilize vizuri. Nyumba nyingi za maeneo makavu huvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi katika tangi. Njiwa hupenda kutua juu ya bati hilohilo. Mvua ya kwanza inaposhuka huosha kinyesi cha miezi sita na kukipeleka moja kwa moja ndani ya tangi, na salmonella na wadudu wengine wa kuharisha wamo. Jenga banda mbali na paa mnalovunia maji. Mvua ya kwanza usiiruhusu kuingia. Geuza bomba maji yamwagike mpaka paa lioshwe. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Kwa upande wa twahara, katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kinyesi cha ndege ni najisi. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wanaoona kwamba kinyesi cha mnyama anayeliwa si najisi, lakini hata kwa rai hiyo vijidudu vyake havipungui. Kwa hiyo kamba ya kuanikia kanzu na mitandio isipite karibu na banda, na vazi la kusafishia banda liwe moja, livuliwe nje.

Namna ya kusafisha

Usifagie kinyesi kikavu. Kama utaacha yote niliyoandika hapo juu, shika hili moja. Toboa kifuniko cha chupa ya maji, nyunyizia sakafu na vichanja kidogo kidogo mpaka vumbi litulie, subiri dakika chache, kisha kwangua. Usimwage ndoo nzima, utaharibu ule ukavu tulioutafuta. Funga pua na mdomo kwa barakoa. Barakoa nzito ya mafundi ni bora kuliko kitambaa. Fanya kazi hii asubuhi, mara mbili kwa wiki, uache milango wazi ili jua likaushe kabla njiwa hawajarudi kulala. Kinyesi kitie kwenye gunia, kifukiwe shimoni mbali na nyumba. Kikioza ni samadi nzuri sana. Kule Isfahan, Iran, watu walijenga minara mikubwa ya njiwa ili kupata mbolea ya matikiti.

Sababu nyingine ya kulowesha ni fangasi aitwaye kriptokokasi. Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, Chester Emmons, alimpata katika viota na kinyesi cha njiwa, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka katika kundi la fangasi hatari zaidi. Watu wengi humvuta bila kuugua. Lakini kwa mwenye kinga dhaifu, hususan anayeishi na VVU na hajaanza au ameacha dawa, huweza kupanda hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Huanza taratibu: kichwa kinauma wiki baada ya wiki, homa, kutapika, shingo kukakamaa, macho kuona ukungu. Mgonjwa wa namna hiyo asisubiri kombe wala dawa ya duka. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani vipimo na tiba vipo. Haambukizi mtu kwa mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga.

Basi kazi ya banda isifanywe na mwenye VVU, mwenye pumu, anayetumia dawa za saratani, mjamzito au mtoto mdogo. Wao wawatazame njiwa wakiruka, inatosha. Na anayepata homa kila anaposafisha, apime malaria kwanza, kisha amweleze daktari waziwazi kwamba anafuga njiwa. Daktari asipoambiwa hatojua.

Kwa anayetaka kuanza, asinunue njiwa wakubwa. Wakifunguliwa watarudi walikotoka, hata kama ni mwendo wa siku nzima kwa miguu. Chukua makinda ya wiki tano au sita, yakae peke yao wiki tatu hadi nne bila kuchanganywa na kuku wala njiwa wengine, maana kideri hupita kati yao, na muulize afisa mifugo wa kata yako kuhusu chanjo. Wakishazoea sauti yako na chakula chako, wafungulie jioni wakiwa na njaa. Hawatakwenda mbali.