Mzazi unayeshindana Masters, lijue bwawa la ugenini mapema

Wazazi wengi wanaoogelea leo walianza wakiwa wamekaa pembeni ya bwawa, taulo mkononi, wakimsubiri mtoto amalize mazoezi ya Jumamosi. Siku moja wakaamua nao waingie majini. Miaka miwili mitatu baadaye kocha anawauliza: mbona usijiandikishe mashindano ya Masters?

Masters ni mashindano ya watu wazima. Kwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, mwogeleaji anaruhusiwa kuanzia miaka 25 na hakuna ukomo wa juu. Watu hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34 na kuendelea. Umri huhesabiwa hadi Desemba 31 ya mwaka wa mashindano, hivyo mama atakayetimiza miaka 40 mwezi Desemba ataingia kundi la 40 hadi 44 hata kama anashindana Februari. Mashindano ya dunia ya mwaka 2024 yalifanyika Doha, na ya 2025 Singapore.

Maandalizi yana gharama. Umelipa nauli, umeomba likizo kazini, watoto umewaacha kwa bibi yao. Halafu mbio ya sekunde 40 inaharibika kwa sababu ukuta umekuja kabla hujautarajia, au umechelewa kufika nawe pumzi zimekwisha. Habari njema ni kwamba mengi ya bwawa la ugenini unaweza kuyajua ukiwa bado nyumbani.

Anza na urefu

Mabwawa mengi ya shule na hoteli yana mita 25 au pungufu. Bwawa la Olimpiki, kama lile la Kasarani jijini Nairobi, lina mita 50. Ukiogelea mita 100 katika bwawa la mita 25, unageuka ukutani mara tatu, na kila mara unajisukuma kwa miguu. Katika bwawa la mita 50 unageuka mara moja tu. Mikono inafanya kazi zaidi, na anayeanza kwa kasi ya nyumbani huishiwa nguvu mita 20 za mwisho.

Kama huna bwawa refu karibu, kuna njia. Mara moja au mbili kwa wiki, geuka kabla ya kufika ukutani, bila kuugusa wala kujisukuma. Utachoka haraka, na ndiyo maana ya zoezi lenyewe.

Anayetoka pwani kwenda Nairobi akumbuke pia kwamba jiji hilo liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Pumzi hukatika mapema, hivyo apunguze kasi ya mwanzo.

Vipimo visivyobadilika

Katika bwawa la mashindano, kamba yenye vibendera hukatiza juu ya maji mita 5 kutoka kila ukuta. Mstari mweusi ulio sakafuni huishia mita 2 kabla ya ukuta, ukiwa na alama kama herufi T. Vipimo hivi ni vilevile Doha, Singapore au Nairobi.

Bwawa lenu likiwa halina vibendera, omba ruhusa, pima mita 5 kwa futi ya fundi, kisha funga kamba kwenye nguzo mbili. Ogelea chali na hesabu unapiga mikono mingapi kutoka kwenye kamba hadi ukutani. Hapa mtoto anafaa sana: mpe kazi ya kusimama pembeni na kuhesabu. Ukipata idadi ileile mara kumi mfululizo, hiyo ndiyo utakayosafiri nayo.

Ukifika

Usikimbilie majini. Zunguka bwawa lote kwanza kwa miguu. Angalia kina upande wa kuanzia, mahali pa choo, pa kubadilishia nguo na pa kuitwa kabla ya mbio. Kama bwawa halina paa, angalia jua litakuwa wapi saa yako ya kushindana, ili uchague miwani yenye kioo cheusi au cheupe. Anayeogelea chali chini ya anga tupu hana mstari wa dari wa kumwongoza. Atumie kamba ya pembeni.

Wakati wa kupasha mwili, ingia kwa kutanguliza miguu na usipige mbizi isipokuwa kwenye njia iliyotengwa kwa kazi hiyo. Gusa kuta zote mbili na ujaribu kugeuka mara kadhaa, kwani ukuta mwingine huteleza. Maji ya mashindano huwa kati ya nyuzi 25 na 28, na kwa aliyezoea maji ya Dar es Salaam yanaweza kuwa baridi. Beba nguo nzito na kandambili za kusubiria.

Kama kibao cha kuanzia kinakutisha, kanuni za Masters zinakuruhusu kuanzia ukingoni, au ndani ya maji kwa kujisukuma ukutani. Haina aibu. Na kabla ya yote, aliyekaa miaka mingi bila mazoezi au mwenye shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kujiandikisha.

Familia inasaidiaje?

Mtu mmoja ashike karatasi yenye namba ya kundi lako na ya njia yako, chakula na maji ya kunywa. Mweleze mtoto mapema muda wako wa mazoezini na muda unaoutafuta. Hata ukimaliza wa mwisho, ataweza kusoma saa ya ukutani na kujua kama mama au baba amefanya alichokusudia.