Vitamini D na ugonjwa wa kisukari

Wapo watu wanaoambiana kuwa mwenye kisukari akiota jua kila asubuhi na kumeza vidonge vya vitamini D, anaweza kuachana na sindano ya insulini. Kabla hujamshauri mgonjwa wako hivyo, ni vyema ufahamu vitamini hii inafanya nini mwilini.

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kongosho. Ndani yake mna seli ziitwazo beta, ambazo hutengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika misuli na viungo vingine. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huzishambulia seli hizo na kuziua. Katika aina ya pili, mwili hauiitikii insulini ipasavyo, na seli hizo huelemewa taratibu.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, kisha ini na figo huikamilisha. Hupatikana pia katika samaki wenye mafuta kama vibua, katika maini na kiini cha yai. Seli za beta zina sehemu maalumu za kuipokea. Mwaka 1980 ilibainika kuwa kongosho za panya waliopungukiwa na vitamini hii zilitoa insulini kidogo. Na mwaka 2001, uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000 waliozaliwa kaskazini mwa Finland mwaka 1966 ulionyesha kuwa waliopewa vitamini D mara kwa mara utotoni walipata kisukari cha aina ya kwanza kwa uchache zaidi.

Hata hivyo, usiharakishe kuhitimisha. Nchini Marekani, watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari cha aina ya pili waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa yuniti 4,000 kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Waliopata kisukari ni 293 katika kundi la kwanza na 323 katika la pili, tofauti ambayo huenda ilitokea kwa bahati tu.

Kwa hiyo, kuzuia upungufu ni jambo jema, lakini vitamini D si tiba ya kisukari. Seli za beta zilizokwisha kufa hazifufuliwi na jua. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.

Basi fanya haya: pata jua kiasi, na anayejisitiri anaweza kuota uani kwake, kula samaki, tembea kwa miguu, punguza soda na sukari. Usimeze vidonge vya vitamini D kwa wingi bila kupimwa, kwani vikizidi hupandisha madini ya kalsiamu katika damu na kuharibu figo. Na dawa uliyoandikiwa, usiiache bila daktari wako kukuambia.