Mpira wa Mkojo: Upi Ulio Salama?

Mgonjwa asiyeweza kukojoa, au anayefanyiwa upasuaji mkubwa, huenda akatiwa mpira mwembamba upitao katika njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Mpira huo huitwa katheta. Ile inayotumika sana ina kipira kidogo karibu na ncha, nacho hujazwa maji safi ili isichomoke. Ilienea tangu miaka ya 1930, nayo ina jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani.

Kwa kawaida mkojo unapotoka huwasukuma nje bakteria waliojipenyeza. Katheta huiondoa kinga hiyo. Bakteria hujibandika juu yake, wakajifunika kwa utando telezi ambao dawa huupenya kwa shida. Wengi wa wagonjwa hawa hawaugui. Lakini kwa baadhi yao maambukizo hupanda hadi kwenye figo au huingia katika damu, na huweza kuua.

Wataalamu walitumaini kwamba katheta iliyopakwa aloi ya fedha, madini yanayoua bakteria, ingekuwa dawa ya tatizo hili. Jaribio lililotangazwa mwaka 2012, lililohusu wagonjwa zaidi ya 7,000 katika hospitali 24 za Uingereza, lilitoa jibu. Katika muda wa wiki 6, waliougua miongoni mwa waliotiwa katheta ya kawaida walikuwa asilimia 12.6, miongoni mwa waliotiwa ya fedha, asilimia 12.5. Tofauti hiyo si kitu.

Basi kinga iko wapi? Imo katika kuhesabu siku. Inakadiriwa kwamba kila siku katheta inapobaki mwilini, wagonjwa 3 hadi 7 katika kila 100 hupata bakteria katika mkojo. Tuchukue 5. Baada ya siku 2, wasio na bakteria ni 100 × 0.95 × 0.95, yaani 90. Baada ya siku 7 ni 70 tu. Wanafunzi na waendelee hadi siku ya 14, waone wamebaki wangapi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mganga si "katheta ipi?" bali "je, yahitajika?" Ikihitajika, huchaguliwa nyembamba itoshayo kupitisha mkojo, namba 14, kwa mfano, ina kipenyo kipungukacho milimita 5. Ya silikoni humfaa mgonjwa ambaye mwili wake haupatani na mpira wa asili. Mikono ya mtiaji haina budi kuwa safi, na mfuko wa mkojo ukae chini ya kibofu daima, bila kugusa sakafu. Kisha kila asubuhi swali lile lile liulizwe tena. Na jibu likiwa "hapana", katheta itolewe siku hiyo hiyo.