Enzimu yenye kufungwa ku uzi: somo la utomvu wa paipai



Mwaka wa mwisho wa lisansi nilifanya staji upande wa Beni. Kule paipai haipandwi kwa ajili ya kula tu. Asubuhi mapema watu wanachanja tunda bichi kwa wembe, utomvu mweupe unachuruzika, wanaukusanya, wanaukausha, wanauuza. Ndani yake muko papaini, enzimu ya kulainisha nyama na kusafisha bia.

Juma moja mvua ikakataa kukatika. Utomvu wa mzee aliyenipokea ulichelewa kukauka. Mnunuzi akaupima, akasema nguvu imekufa, bei ikaanguka. Mzee akaniuliza: "Mtoto wangu, wewe wa univ, kitu hakijaoza, kinakufa namna gani?" Nilinyamaza. Leo ninajibu.

Papaini ni protini: mnyororo wa asidi amino 212 uliokunjwa kwa umbo moja kamili. Mdomo wake wa kukatia ni sisteini ya nafasi ya 25, yenye salfa. Oksijeni ya hewa ikishika ile salfa, mdomo unafungwa. Tena, kazi ya papaini ni kukata protini, na yenyewe ni protini. Ikikaa ndani ya maji, molekuli zinakulana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo ilimpata mzee.

Sasa, dawa moja ya watu wa labo ni kufunga enzimu ku kitu kigumu. Wazo ni la zamani: mwaka 1916 Nelson na Griffin waliona invertazi iliyoshikamana na makaa bado inafanya kazi. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku, kule Japani, ikaingiza mbinu hiyo kiwandani.

Siku hizi wengi wanatumia nyuzi za nano za biopolima: selulosi, hariri, ao kitosani yenye kutoka ku maganda ya kamba wa baharini. Unayeyusha kitosani ndani ya asidi nyepesi, mara nyingi ukichanganya na polima ingine, unaiweka ndani ya sirinji, unapitisha umeme wa volti maelfu. Tone linavutika kuwa uzi, maji yanaruka njiani, unapata kitambaa cheupe. Uzi unaweza kuwa na nanomita 200 hivi. Unywele wa mtu uko karibu 80 000. Kwa nini mwembamba hivyo? Juu kwa uzito ule ule, ukipunguza unene mara 100, uso wa nje unaongezeka mara 100. Nafasi ya kufungia enzimu inakuwa nyingi.

Kufunga kwenyewe, mara nyingi wanatumia glutaraldehidi. Iko kama mtu wa mikono miwili: mkono mmoja unashika kitosani, mwingine unashika lisini ya enzimu. Enzimu ikishikwa pande kadhaa, joto halifungui umbo lake upesi. Na kama kila molekuli imefungwa mahali pake, haiwezi kufikia jirani na kumkula. Kazi ikiisha unatoa kitambaa, unaosha, unarudilia.

Lakini hakuna cha bure. Ukifunga karibu na mdomo, enzimu inanyamaza. Ukizidisha glutaraldehidi, inakauka kama kuni. Tena ni sumu, lazima kuosha sana kama ni mambo ya chakula. Kwa hiyo siku ya kwanza nguvu mara nyingi inashuka. Faida inaonekana kisha kuitumia mara nyingi.

Basi nyuzi hizi zingemsaidia mzee? Shambani, hapana. Yeye anahitaji kikaushio cha haraka chenye paa: maji yakitoka, molekuli hazikutani tena. Nyuzi zinakuja nyuma, kwa yule anayetumia unga. Na pale ndipo bei inapanda, wakati sisi tunabaki wachanjaji.

Wenye kutafuta mada ya kazi ya mwisho: kama mashine ya volti haiko, dondosha kitosani iliyoyeyushwa kwa asidi ya siki ndani ya maji ya soda kali, tone kwa tone. Utapata vidonge. Fungia papaini pale. Kipimo? Maziwa. Papaini inayagandisha; hesabu sekunde, osha vidonge, rudilia mara kumi, linganisha. Vaa glavu, glutaraldehidi haichezewi.

Mimi mwaka ule sikujua hata kuhesabu sekunde. Mzee alikuwa na haki ya kupata jibu siku ile ile.