Mwizi wa Nguvu: Betri Kuukuu na Taa Inayowaka

Wenye daftari na penseli, wekeni tayari.

Leo nataka kumjibu mwanafunzi wetu mmoja aliyeniletea barua. Asema ametengeneza kitaa kinachowaka kwa betri moja ya tochi iliyokwisha kutupwa. Kiliwaka usiku kucha. Asubuhi alikizima, na jioni alipoipima betri akaona volti zimepanda. Basi aamini kwamba saketi yake hujichaji yenyewe, naye ataka kuuza mbuzi wawili anunue vifaa vya kutengeneza kubwa zaidi, ya kuangaza nyumba nzima. Bwana, mbuzi hao wasiuzwe kwanza.

Tuanze na lililo kweli. Taa nyeupe ya LED huhitaji volti 3 hivi. Betri mpya ya tochi ina volti 1.5, na kuukuu yaweza kuwa na volti 0.8 tu. Mbona taa yawaka? Ni kwa msaada wa transista, resista ya omu 1,000, na nyaya mbili zilizozungushwa pamoja mara 20 hivi juu ya pete ya feraiti.

Mmepata kusikia bomba linavyogonga mtu akifunga maji ghafula? Maji yaliyokuwa mbioni hayakubali kusimama mara moja. Husukuma kwa kishindo. Umeme katika waya uliozungushwa hufanya vivyo hivyo. Transista hufungua njia, umeme ukapita. Kisha huifunga ghafula, na hapo volti hupanda hata taa ikawaka. Waya wa pili ndio unaoiamuru transista ifungue na ifunge, maelfu ya mara kwa sekunde moja. Saketi ya namna hii huitwa osileta. Jicho haliwezi kuona kukatika huko. Laona mwanga mmoja tu.

Huko Uingereza, Z. Kaparnik aliieleza saketi hii katika jarida la Everyday Practical Electronics la Novemba 1999. Baadaye wapenda ufundi waliipa jina la mzaha: mwizi wa jouli. Jouli ni kipimo cha nishati.

Jina hilo lafaa sana. Mwizi huchukua kilichomo nyumbani. Kisichokuwamo hawezi kukiiba. Saketi hii hukomba mabaki ambayo tochi haikuweza kuyatumia, wala haiongezi kitu. Tena sehemu ya mabaki hayo hupotea njiani kwa joto. Volti zikishuka chini ya 0.6 hivi, transista haiamki tena.

Mbona basi volti zilipanda? Kwa sababu volti ni msukumo, si akiba. Betri ikipumzika, dawa zilizomo ndani yake hutulia na kujisambaza upya, na msukumo hurudi kidogo. Ni kama mchukuzi aliyechoka: akikaa kivulini atasimama tena, lakini hajala.

Jaribio la kweli ni hili. Iacheni taa iwake mfululizo, usiku na mchana, bila kuipumzisha. Andikeni volti kila asubuhi. Mtaona hesabu ikishuka, mwanga ukififia, na mwisho taa itazimika. Saketi inayojichaji isingezimika.

Neno la hadhari: betri ya tochi ya kawaida msiilazimishe kuchajiwa, yaweza kuvuja au kupasuka. Betri ya kuchajiwa nayo hapana budi ipate nguvu kutoka nje: juani, kwenye maji yaendayo kasi, au kwa mkono wa mtu azungushaye dinamo.

Basi, bwana wa mbuzi, kitaa chako ni kazi njema. Kitakuangazia njia ya chooni kwa betri ambayo jirani ameitupa. Lakini nyumba nzima hakitaiweza. Ukiuza mbuzi, nunua paneli ya jua.

Maswali ya nyumbani:
1. Kwa nini volti 0.8 zaweza kuwasha taa ya volti 3?
2. Betri iliyopumzika imepata nini, na haikupata nini?

Kwaherini mpaka juma lijalo.