Waridi la Jangwani: Ua Lifalo kwa Wingi wa Maji

Msafiri apitaye nchi ya Tsavo mwishoni mwa kiangazi huona vichaka vimekauka, majani yamepukutika, na ardhi imekuwa nyekundu kama matofali. Katikati ya ukavu huo huweza kuona mti mfupi usio na jani hata moja, wenye shina nene kama mtungi, nao umejaa maua ya rangi ya waridi. Huo ndio mmea uitwao mdagu. Siku hizi wauzaji wa maua huuita pia waridi la jangwani, na katika vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara za mijini huuzwa ndani ya vyungu.

Watu wengi hununua mmea huu kwa kuwa wamesikia kwamba hauna taabu. Baada ya miezi michache huuona umeoza. Sababu yake, mara nyingi, si uvivu wa mwenye nyumba bali ni bidii yake: ameunywesha maji kila siku kama mchicha. Basi yafaa kwanza kujua mmea huu ni wa namna gani, ndipo mtu ajue jinsi ya kuutunza.

ASILI YAKE NA JINA LAKE

Mdagu si waridi kwa ukoo. Ni wa jamaa moja na mbungo, ule uzaao mabungo ambayo watu wa pwani huyatengeneza maji ya kunywa. Lakini mabungo huliwa, na mdagu hauliwi kabisa. Huota katika nchi kavu za Afrika tangu Senegal hata Sudan, Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, tena huvuka bahari mpaka Yemen na Dhofar katika nchi ya Oman. Katika Kenya huonekana pwani, Tsavo, Baringo, Samburu na Turkana.

Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, aliyesafiri katika msafara uliotumwa na Mfalme wa Denmark, aliuona mmea huu huko Yemen. Alifariki dunia huko huko mwaka 1763, na maandishi yake yakapigwa chapa mwaka 1775. Jina la kitaalamu litumikalo sasa ni Adenium obesum. Neno la kwanza, lililotolewa mwaka 1819, latokana na Aden. La pili maana yake ni mnene.

GHALA LA MAJI

Unene huo una kazi yake. Mvua inyeshapo, mizizi na shina hunywa maji na kuyaweka akiba, kama vile mtu wa nchi kavu ajazavyo mapipa yake masika. Kiangazi kifikapo mmea huangusha majani, kwa kuwa majani ndiyo yapotezayo maji mengi. Hapo huishi kwa akiba yake, na mara nyingi hutoa maua kabla ya majani mapya kuchipuka.

Ghala hilo ndilo nguvu ya mmea, tena ndilo udhaifu wake. Nyama ya shina iliyojaa maji huoza upesi sana ikiwa mizizi itakaa katika udongo wenye maji yaliyotuama. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtunzaji ni kuhakikisha kwamba maji yana njia ya kutoka.

UDONGO NA CHOMBO

Chombo kipana kisicho na kina kirefu chafaa zaidi. Chungu, karai kuukuu au debe lililokatwa vyaweza kutumika, bali hapana budi chini yake kutobolewa matundu kadhaa. Chombo kisiwekwe juu ya kisahani chenye maji.

Udongo mzuri hupatikana kwa kuchanganya mafungu mawili ya mchanga mnene au changarawe ndogo na fungu moja la udongo wa shamba, pamoja na samadi kidogo iliyooza kabisa. Wakaao pwani wasitumie mchanga wa bahari kabla ya kuuosha mara nyingi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mahali penye udongo mweusi ushikao maji, kama sehemu nyingi za Nairobi, mmea usipandwe ardhini moja kwa moja. Ni vema kuinua tuta la mawe na changarawe na kuupanda juu yake.

Mahali pake ni juani. Mdagu uwekwao ndani ya nyumba au chini ya kivuli cha mwembe hurefuka, hulegea, wala hautoi maua. Mbolea nayo isizidi, maana mbolea nyingi huleta majani mengi na maua machache.

KUOTESHA MBEGU

Matunda ya mdagu huja mawili mawili, yamekaa kama pembe za mbuzi. Yakiiva hupasuka, na mbegu, zenye manyoya kila upande, huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo mtu atakaye mbegu na ayafunge matunda kwa uzi au kitambaa yanapoanza kubadilika rangi. Mmea mmoja ulio peke yake aghalabu hauzai. Yafaa kuwa na miwili au zaidi.

Mbegu mpya ndizo zimeazo vizuri. Zilazwe juu ya mchanga uliolowa, zifunikwe kwa udongo mwembamba tu, na chombo kiwekwe mahali penye joto. Zikiwa nzuri, nyingi huota katika muda wa juma moja hivi. Miche isichomwe na jua kali siku za kwanza, kisha izoezwe jua kidogo kidogo. Wakati huu udongo usikauke kabisa, kwa kuwa miche bado haina ghala kubwa. Ikipata majani manne hadi sita, kila mche waweza kuhamishiwa chombo chake.

Mdagu waweza pia kupandwa kwa tawi lililokatwa. Tawi hilo lilazwe kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo lichomekwe katika mchanga. Lakini mmea wa tawi kwa kawaida haupati shina nene na zuri kama ule uliotoka katika mbegu.

JINSI YA KUNYWESHA

Mmea uliokua na kuwa na majani upewe maji mpaka yatoke chini ya chombo, kisha uachwe mpaka udongo ukauke. Asiyekuwa na hakika na achomeke kijiti katika udongo: kikitoka na unyevu, angoje. Wakati wa baridi, au mmea ukiwa umeangusha majani, maji yapunguzwe sana.

Hapa ndipo wengi hukosea. Shina la mdagu hulegea kwa sababu mbili zilizo kinyume, yaani kiu na kuoza. Mtu aonapo shina limelegea hudhani ni kiu, akazidisha maji, na mmea uliokuwa ukiugua hufa. Basi udongo uguswe kwanza. Udongo ukiwa mkavu na shina limenywea kidogo, hiyo ni kiu, na maji yatauponya. Udongo ukiwa umelowa, majani yanageuka manjano na shina linabonyea, hayo ni maozo.

Mmea unaooza wapaswa kung'olewa siku ile ile. Sehemu zilizooza zikatwe kwa kisu safi mpaka nyama iliyo nzima ionekane. Uachwe kivulini siku kadhaa hata vidonda vikauke, kisha upandwe katika mchanga mkavu, wala usipewe maji kwa siku chache.

Katika nchi za juu zenye baridi, kama Limuru au Nyahururu, mmea haupendi usiku wenye joto lililo chini ya nyuzi 10. Miezi ya Juni, Julai na Agosti uwekwe barazani karibu na ukuta upatao jua, mbali na mvua na umande.

Wadudu wauzoeao zaidi ni vidukari vya rangi ya manjano vijikusanyao penye vichipukizi, na wadudu weupe walio kama pamba. Maji ya sabuni hafifu, yakipakwa jioni na kurudiwa baada ya siku chache, huwapunguza.

JIHADHARI NA UTOMVU

Uzuri wa ua hili usimsahaulishe mtu hatari yake. Utomvu wa mdagu ni sumu, nayo hudhuru moyo. Wahadzabe, wawindaji waishio karibu na ziwa Eyasi katika Tanzania, hutumia utomvu huo kutengenezea sumu ya mishale. Kitu kiwezacho kumwangusha mnyama wa porini si cha kuchezewa na watoto.

Basi chombo cha mmea kiwekwe mahali ambapo mtoto mdogo hafiki, wala mbuzi na ndama hawafiki. Akataye matawi avae mipira ya mikononi, au avishe mikono mifuko ya nailoni, kisha anawe kwa sabuni na kuosha kisu. Kisu hicho kisitumiwe jikoni. Matawi yaliyokatwa yasitupwe penye malisho, wala yasiwashwe motoni pa kupikia. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi kwa muda wa robo saa, na mtu aende hospitali. Mtoto akila sehemu yo yote ya mmea huu, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili, na kipande cha mmea kichukuliwe ili mganga ajue alichokula. Asilazimishwe kutapika.

USICHIMBWE PORINI

Kwa kuwa mmea mnene hupendeza watu na huuzwa ghali kuliko mche, wako wachimbao midagu mizee porini na kuileta mijini. Kazi hii ina hasara pande zote. Mzizi mkubwa hukatwa wakati wa kuchimba, na jeraha lake, likitiwa katika udongo uliolowa, huoza. Hivyo mnunuzi hupoteza fedha zake. Nako porini huondolewa mmea uliokuwa mama wa mbegu. Shina lile lilichukua miaka mingi kunenepa, na mbegu zenyewe huchukuliwa na upepo zikaanguka po pote, nyingi zisipate mahali pa kuota. Mahali palipochimbwa mama wote, hapana mche utakaowafuata.

Mwenye kitalu aoteshaye mbegu hana hasara hiyo. Mimea michache iliyotunzwa vizuri yaweza kumpatia mbegu mwaka baada ya mwaka, na miche yake, ikipata jua na joto, huanza kutoa maua katika mwaka wa kwanza au wa pili. Wakulima wa maua wa Thailand na Taiwan wameonyesha jambo hili: kwa kuotesha mbegu na kuunganisha matawi wamepata maua ya rangi nyingi, hata yenye petali zilizopangana safu kwa safu, nao huuza miche na mbegu kwa nchi nyingine. Ua lenyewe ni la kwetu, na mbegu zake zapatikana hapa hapa.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Aulize mmea ulikotoka. Shina lenye makovu ya jembe na mizizi iliyokatwa ovyo ni dalili ya mmea uliochimbwa. Mche mdogo wenye mizizi mizima hugharimu fedha kidogo, huzoea chombo chake tangu utoto, na hunenepa mbele ya macho ya mwenyewe. Apewe jua, mchanga na subira, naye kiangazi kijapo atachanua wakati bustani nyingine zimekauka.